Mtoto Asiyesadikiwa: Mhadhara juu ya Filamu ya The Window

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, na ndugu zangu mliotoka makazini jioni hii mkaja kusikiliza habari za filamu iliyotengenezwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Filamu yenyewe inaitwa The Window, yaani Dirisha. Ilitolewa na kampuni ya RKO ya Marekani mwaka 1949, haina rangi, na urefu wake ni dakika 73 tu. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara huinuka kitini mikono imelowa jasho, ingawa mwisho wake naujua kama ninavyoijua njia ya kwangu. Nimekuja kueleza kwa nini hali iko hivyo, na kwa nini naona ni dhuluma kwamba filamu hii hutajwa kwa nadra sana watu wanapozungumzia sinema za taharuki.

Mwanzo wake ni hadithi fupi ya Cornell Woolrich, mwandishi wa Kimarekani aliyeijua hofu kama fundi anavyoujua ubao. Mwaka 1954 hadithi nyingine ya Woolrich, inayohusu mtu anayegundua mauaji kwa kuchungulia madirisha ya majirani, ilitengenezwa na mwongozaji Alfred Hitchcock kwa rangi, ikiigizwa na James Stewart na Grace Kelly, ikaitwa Rear Window. Filamu hiyo ni kubwa, wala sina neno baya juu yake, lakini kivuli chake kiliifunika ile iliyoitangulia kwa miaka mitano. The Window haikuwa na nyota wa kuvuta umati. Mwongozaji wake, Ted Tetzlaff, alijulikana zaidi kama mpiga picha. Yeye ndiye aliyeshika kamera katika Notorious ya Hitchcock mwaka 1946. Tena RKO yenyewe ilikuwa katika misukosuko, maana Howard Hughes aliinunua mwaka 1948. Filamu ilipotoka ilipendwa, mhariri wake Frederic Knudtson akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar, kisha miaka ikapita na watu wakaisahau.

Inaanza kwa maandishi ya ngano ya Aesop, ile ya mchungaji kijana aliyepiga mayowe ya mbwa mwitu hali hakuna mbwa mwitu. Hapa ukumbini sidhani kuna asiyeijua. Wengine tuliisoma darasani, wengine tulisimuliwa na bibi zetu, na kwa kuwa kwetu mbwa mwitu hakuogopwa kama fisi au chui, mnyama alibadilika kulingana na msimulizi. Funzo tulilopewa lilikuwa moja: mwongo hata akisema kweli hasadikiwi. Tulifundishwa kumtazama mchungaji kwa macho ya wanakijiji. Filamu hii inafanya jambo ambalo hakuna mwalimu wangu aliyelifanya: inatuweka kule malishoni, pamoja na kijana, siku mnyama alipokuja kweli.

Kijana huyo anaitwa Tommy Woodry. Anaishi na wazazi wake katika nyumba ya kupanga, mtaa wa watu wa kipato kidogo upande wa Lower East Side, mjini New York. Mara ya kwanza tunapomwona yuko ndani ya gofu la jengo lililohamwa, peke yake, akicheza mchezo wa bunduki. Ni mtoto mwenye maneno. Amewaambia wenzake kwamba familia yake inahamia magharibi kwenye shamba la mifugo, na uongo huo umesafiri mpaka kwa mwenye nyumba, ambaye analeta watu kukikagua chumba ambacho wenyewe hawana habari ya kukihama. Wazazi wanaona aibu. Baba anakaa na mwanawe kumweleza ubaya wa tabia hiyo. Naomba mlizingatie jambo hili, kwa sababu juu yake ndipo filamu nzima imejengwa: hawa si wazazi wakatili wala walevi. Ni watu wema, wanampenda mtoto wao, na wanataka akue mkweli.

Usiku ule joto ni kali. Tommy anachukua mto wake na kwenda kulala nje, kwenye ngazi za chuma zilizobandikwa ukutani kwa ajili ya kuokoa watu wakati wa moto. Hewa haitoshi, kwa hiyo anapanda ghorofa moja zaidi, ambako upepo ni afadhali. Anaamshwa na kishindo. Kupitia upenyo mdogo chini ya pazia la dirisha anawaona jirani zao wa juu, Bwana na Bibi Kellerson, wakipigana na baharia mlevi waliyemleta kumwibia, na anaona baharia akichomwa mkasi mgongoni.

Kuanzia hapo filamu haina siri tena. Sisi tunajua nani ameua, nani ameuawa na silaha ilikuwa nini. Hapa ndipo neno letu taharuki linapoonyesha ubora wake, kwa kuwa linataja hali ya moyo na wala si fumbo. Mtazamaji hahangaiki kwa sababu hajui. Anahangaika kwa sababu anajua, na wale wenye uwezo wa kusaidia hawajui. Kila neno la mama, kila mlango unaofungwa, kila ahadi ya baba kwamba atarudi asubuhi, tunaisikia kwa masikio mawili: kama maneno ya kawaida ya nyumbani, na kama hatua moja zaidi ya kumkaribisha mtoto kwenye kifo.

Tommy anamkimbilia mama yake usiku uleule. Mama anamwambia ameota. Asubuhi anamweleza baba. Baba anasikitika kwamba mazungumzo ya jana hayakuzaa kitu. Tommy anakwenda polisi, na askari anayetumwa kukagua hapati kitu. Kisha linakuja tukio ambalo kwangu ndilo kilele cha filamu, ingawa halina damu, halina mbio wala kelele. Mama, akiamini kwamba mwanawe amewasingizia majirani jambo zito, anamshika mkono na kumpandisha ngazi kwenda kuomba radhi.

Tulifikirie tendo hilo kwa utulivu. Nani kati yetu hakufanyiwa hivyo utotoni? Ulimtukana mzee wa watu, au ulisema neno lisilofaa juu ya jirani, ukashikwa mkono ukapelekwa hadi mlangoni mwake, "Haya, sema samahani." Ni malezi mema. Mama huyu anafanya kile ambacho mama yeyote mwenye heshima zake angefanya Mombasa, Tabora au Bujumbura. Mlango unafunguka, Bibi Kellerson amesimama, mama anaanza kueleza mwanawe alisema nini, na sisi tunatazama uso wa mwanamke yule ukijifunza, neno baada ya neno, kwamba yupo shahidi, kwamba shahidi ni mtoto, na kwamba mtoto huyo hakuna anayemsadiki. Mama amemkabidhi mwanawe kwa wauaji kwa mkono wake mwenyewe, kwa jina la adabu. Barbara Hale, anayecheza kama mama, haongezi chumvi hata kidogo; sauti yake ni ya mtu aliyechoka na kuona haya. Ruth Roman, kama Bibi Kellerson, anajibu kwa upole. Upole huo ndio unaotisha.

Baba naye ana zamu yake ya kukosea. Arthur Kennedy anamwigiza kama mtu mtaratibu anayefanya kazi usiku na kulala mchana, asiye na muda wa kutosha wa kumsikiliza mwanawe. Mama anaitwa kwenda kumwangalia dada yake mgonjwa, na baba akigundua kwamba Tommy alikusudia kutoroka, anamfungia chumbani na kulipigilia dirisha misumari. Anafanya hivyo ili mtoto awe salama. Kila nyundo inapogonga, mimi husikia sanduku likifungwa.

Nimewahi kuulizwa kama filamu hii ingependeza zaidi kwa rangi. Jibu langu ni hapana, na nina sababu. Hii ni hadithi ya kuona kitu gizani na kuambiwa hukukiona. Weusi wa ngazi, weupe wa shuka na fulana, ule mstari mwembamba wa mwanga chini ya pazia ambao ndio ushahidi wote alionao mtoto: vyote vinahitaji macho yasiyokuwa na kingine cha kushika. Picha za nje zilipigwa New York kwenyewe, na joto linaonekana katika namna watu wanavyokaa madirishani na jasho linavyong'aa shingoni. Kamera mara nyingi imeshushwa hadi kimo cha mtoto, hivi kwamba watu wazima wanaingia kwenye picha kwa viuno na mikono kabla ya nyuso. Katika teksi ambamo wauaji wamembana katikati yao, Tommy anamlilia polisi barabarani. Wao wanasema ni mtoto wao mkorofi, na polisi, ambaye ni mtu mzima akizungumza na watu wazima wenzake, anaridhika.

Siwezi kumaliza bila kumtaja Bobby Driscoll, aliyemwigiza Tommy. Alizaliwa mwaka 1937, na RKO ilimwazima kutoka kwa Walt Disney. Kwa kazi yake ya mwaka 1949 alipewa tuzo maalumu ya Oscar ya watoto, na baadaye sauti yake ndiyo iliyotumika kwa Peter Pan katika katuni ya mwaka 1953. Anachokifanya hapa sijakiona kwa watoto wengi wa sinema. Hajaribu kupendeza. Anaposimulia alichokiona, anakieleza kwa haraka na kwa kujirudia, kama mtoto anayejua tayari kwamba hataaminiwa, na ile haraka ndiyo inayomfanya aonekane mwongo. Alipokua, kazi zilimwishia, akaingia katika dawa za kulevya. Mwezi Machi 1968 mwili wake ulikutwa na watoto katika jengo lililohamwa hapohapo New York, hakuna aliyemtambua, akazikwa katika makaburi ya wasio na watu kwenye kisiwa cha Hart. Alikuwa na miaka 31. Ndiyo maana nashindwa kulitazama lile gofu la filamu kwa moyo mwepesi.

Na filamu inaishia kwenye gofu. Tommy anakimbilia kulekule alikokuwa akichezea, Bwana Kellerson nyuma yake, mbao zikibomoka chini ya miguu yao. Humo anaukuta mwili wa baharia. Paul Stewart anamwigiza muuaji bila kupaza sauti, kama mtu anayekwenda kumaliza kazi iliyobaki, mpaka anapoanguka na kufa. Mtoto anabaki juu ya boriti iliyovunjika, hawezi kurudi nyuma wala kushuka. Wengine huona mwisho huu umeharakishwa, na nakiri kwamba maneno ya wazazi baada yake ni machache mno kwa uzito wa yaliyotokea. Lakini tutazame kilichoko kwenye picha. Chini wamekusanyika majirani, polisi na wazima moto, walewale watu wazima ambao kwa siku nzima hawakumsadiki. Wametandaza wavu, wanampigia kelele aruke, wanamwambia watamdaka. Yuko juu peke yake, boriti inalia, na safari hii yeye ndiye anayepaswa kuamua kama maneno yao ni ya kweli. Anawatazama kwa muda. Kisha anaruka.