Bakuli la unga limekuwa sinki la kutilia udhu

Assalam alaykum ndugu zangu wa Lamu, Mombasa, Malindi, Unguja, na nyote mnaonitazama kutoka kokote mliko. Leo tuko chooni. Ngoja nisogeze kamera muone vizuri. Hili hapa ndilo sinki letu jipya la chini, na kabla halijawa sinki lilikuwa bakuli la kukandia unga. Nimelinunua paundi sita katika duka la mitumba la hisani hapa Birmingham. Wengi mmeniandikia mkitaka kujua limefungwaje na kama halivuji. Halivuji, na leo nawaonyesha hatua zote hadi chini ya meza, maana kazi yenyewe iko huko.

Choo hiki kiko chini ya ngazi, ni chembamba mno. Sinki lililokuwamo lilikuwa kisahani tu. Ukitia udhu, maji ya viwiko yote sakafuni, na mama mkwe wangu akija kukaa nasi naogopa asiteleze. Nikataka kitu chenye tumbo la kina na mdomo mpana, kitakachopokea maji ya mkono mpaka kiwikoni. Madukani sinki za namna hiyo zipo, za kuweka juu ya meza, lakini bei yake sikuona sababu ya kuitoa.

Halafu nikakumbuka mabirika ya kwetu. Ukiingia nyumba kongwe za mawe pale Lamu, zile za karne ya 18, chooni utakuta birika limejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa chokaa hadi likawa laini. Maji hukaa humo, unachota kwa kata. Sasa chungulia chini ya birika. Katika baadhi ya nyumba utaona bakuli la kauri la Kichina limezikwa sakafuni mwa birika, mdomo wake uko sawasawa na chokaa. Watoto tulidhani ni pambo. Kumbe mlikuwa na samaki wadogo ndani ya birika, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Siku maji yakipungua, au birika likisafishwa, yale ya mwisho yanabaki ndani ya bakuli na samaki wanakusanyika humo mpaka birika lijazwe tena. Naipenda sana akili ya fundi yule. Amechukua chombo kilichovuka bahari, kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula, akakipa kazi chooni, na hakuna mbu nyumbani. Watu wakiniambia bakuli la chakula halifai kuwekwa chooni, mimi nawaza birika.

Ila hapa nawaomba kitu, na naomba kwa moyo wote: bakuli la kale lisiguswe na drili. Najua video za namna hii zikienea, kuna mtu atakitazama kidaka cha bibi yake, kile kishubaka cha ukutani chenye vyombo vya kale, na kuanza kupiga hesabu. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na kwa sheria hiyo kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale. Mji wa Lamu wenyewe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Tundu likishapita kwenye kauri ile, basi, hakuna wa kulirudisha. Mabakuli ya kawaida yamejaa masokoni, tutumie hayo.

Haya, bakuli gani linafaa? Langu ni la udongo mzito uliochomwa kwa moto mkali, ndani na nje lina ule utando wa kung'aa. Upana wake sentimita 38, kina sentimita 14. Nilipolichagua nililigonga kwa kifundo cha kidole nikasikiliza. Zima hulia kama kengele. Likilia sauti ya kufa, lina ufa hata kama huuoni, na ufa huo drili itaumaliza. Kisha nikapapasa kitako kwa ndani. Pale katikati pawe bapa, angalau sentimita saba, ili kitoleo cha maji kikae bila kuyumba. Bakuli lenye kitako cha mviringo mtupu litakusumbua.

La udongo usio na utando, kama vyungu vyetu vya kupikia, hapana. Linanyonya maji, litatoa ukungu. La enameli, yale meupe yenye ukingo wa buluu, linapendeza kweli, lakini chini ya enameli ni chuma, na ukitoboa enameli inabanduka ukingoni mwa tundu. Kwa maji yetu ya visima yenye chumvi, kutu itaanza hapo hapo. La kioo kigumu kile cha kutovunjika kirahisi halitoboleki kabisa, linapasuka vipande vidogo vidogo vyote mara moja. La shaba nyekundu ni zuri na linatoboka vizuri, ila ujue litabadilika rangi, na usilisugue kwa ndimu wala dawa za asidi ukitaka rangi hiyo ibaki. Kwa mtu wa nyumbani anayetaka njia nyepesi, mimi ningemwambia achukue bakuli la stili. Kila soko linalo, na fundi yeyote wa vyuma anaweza kulitoboa.

Tuje kwenye kutoboa. Kwa kauri unahitaji keekee ya duara, yaani kile kikatio kinachofungwa kwenye drili, yenye chembe za almasi. Hapa Uingereza westi ya sinki la kunawia, yaani kile kitoleo kinachokaa kwenye tundu, ni ya inchi moja na robo, na keekee niliyotumia ni ya milimita 45. Lakini usiende kwa namba yangu. Nunua westi kwanza, ipime, kisha ndipo ununue keekee. Ukifanya kinyume utajikuta na tundu lisilo na mwenyewe.

Bakuli nililikalisha juu ya mfuko wa mchanga wenye unyevu ili kitako chote kipate egemeo. Drili ni ya betri, maana maji na waya wa umeme havikai pamoja. Keekee ya namna hii haina ncha ya katikati, kwa hiyo inateleza. Nikachukua kipande cha ubao, nikatoboa tundu la ukubwa ule ule, nikakibana juu ya kitako kiishike keekee mpaka ichore njia yake. Kisha maji. Mume wangu alisimama na chupa akimimina kidogo kidogo bila kukoma. Maji yanapoza almasi isiungue, na yanalaza vumbi. Vumbi hili msilidharau. La udongo uliochomwa lina silika, linaharibu mapafu, na vyombo vingine vya zamani utando wake una madini ya risasi. Kwa hiyo usitoboe kikavu hata siku moja, vaa miwani na barakoa, na lile tope lililobaki lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisiachwe likakauka sakafuni penye watoto.

Mwendo uwe wa polepole. Ile swichi ya kugongagonga izimwe kabisa. Usikandamize, uzito wa drili wenyewe unatosha. Na unapokaribia kutokea upande wa pili, legeza mkono zaidi, kwa sababu hapo ndipo kauri hubanduka. Nilitoboa kuanzia ndani kwenda nje ili kama kitabanduka kipande, kiwe upande wa chini usioonekana.

Sasa westi, na hili ni jambo ambalo hata mafundi bomba wengine hulipita haraka. Sinki la dukani mara nyingi lina tundu dogo pembeni karibu na mdomo, la kuyatoa maji yakizidi. Bakuli halina. Kwa hiyo usinunue westi yenye matundu ubavuni, maana matundu yale yametengenezwa kwa sinki lenye njia ya maji ya ziada, na kwenye bakuli yatakuvujia chini ya meza. Chukua iliyo nzima ubavuni. Na kwa sababu maji yakizidi hayana pa kwenda ila sakafuni, mimi nimechagua westi ya chujio isiyo na kizibo, inayokaa wazi muda wote. Watoto wanaacha mfereji wazi, tunawajua. Kwa udhu wala hatuhitaji kuzuia maji, udhu ni maji yanayopita.

Raba moja juu, raba moja chini, na silikoni nyembamba kuzunguka. Nati unaikaza kwa mkono hadi igome, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Ukiikaza kwa hasira kauri inapasuka, pengine si leo, ni wiki ijayo usiku. Halafu uiache siku nzima silikoni ishike kabla ya kumwaga hata tone.

Angalieni meza. Ni kipande cha mbao ngumu kilichobaki kwenye jiko la jirani, nimekipaka mafuta ya mbao juu, chini na kwenye ukingo wa tundu, kwani ukingo ndio unaokunywa maji zaidi. Kimo chake kiko chini kuliko meza mlizozoea, sentimita 70 kutoka sakafuni. Sababu ni kwamba bakuli limekaa juu ya meza, na mdomo wake ndio kimo halisi cha sinki. Sabini na kumi na nne, themanini na nne. Mtu mzima ananawa bila kunyanyua mabega, na binti yangu anafika akisimama kwenye kigoda. Ukiweka bakuli juu ya meza ya kimo cha kawaida utakuwa unanawa kifuani, na maji yatatiririka kwenye kwapa.

Mfereji nimeufunga ukutani. Pua yake inamwaga maji karibu na westi, kwenye mteremko wa bakuli, kwa hiyo hayaruki. Na mnaona nafasi hii kati ya pua ya mfereji na mdomo wa bakuli? Kwa mfereji wa nusu inchi kama huu, kanuni za maji za hapa zinataka isipungue milimita 20. Nimeacha zaidi. Pua ikizama ndani ya maji machafu, na presha ya bomba kuu ikashuka ghafla, maji yale yanaweza kunyonywa kurudi ndani ya paipu, yakaingia kwenye maji ya kunywa. Hapa Birmingham presha haishuki mara nyingi. Ninyi mnaokatiwa maji kwa mgao ndio hasa mnaohitaji kulishika jambo hili, kwa sababu kila maji yakikatika presha inaanguka. Na kama maji yako yanatoka kwenye tangi la juu ya paa, mwambie muuza duka hivyo, akupe mfereji unaofanya kazi kwa presha ndogo. Mingine ya kisasa itakutolea maji kwa matone.

Chini huku, nainamisha kamera, hii ni trapu. Ndani yake maji yanabaki muda wote, na hayo ndiyo yanayoziba harufu ya mtaro isipande. Hii ya milimita 32 inashika kina cha maji cha milimita 75. Kutoka hapo paipu inalala kidogo kuelekea ukutani, kama sentimita mbili kwa kila mita. Mkiona choo cha wageni kinanuka na ni kisafi, mara nyingi trapu imekauka kwa kutotumika. Mimina kikombe cha maji, harufu itakatika. Kabla sijafunga meza nililaza karatasi kavu chini ya kila kiungo, nikamwaga maji mengi kwa pamoja, nikazitazama karatasi. Kiungo kinachovuja hata kidogo, karatasi itakuonyesha.

Usafi wake ni sabuni ya kawaida na kitambaa laini. Poda za kukwaruza zinaumiza utando, na ukishakwaruzika uchafu unashika.

Bibi yangu yupo mtaa wa Langoni kule Lamu, amenipigia simu ya video akaliona. Ameuliza maji yanakwenda wapi, nikamshushia simu hadi kwenye trapu akaitazama yote, kisha akaniambia niweke na taulo la mikono. Nimeliweka, lile pale.

Wanaotaka kujaribu, pimeni kwanza: upana wa mdomo, kina, na ukubwa wa ile sehemu bapa ya kitako kwa ndani. Niandikieni vipimo vitatu hivyo pamoja na picha ya chini ya bakuli, mniambie pia kama maji yenu ni ya tangi au ya moja kwa moja. Nitawajibu kama bakuli linafaa na mfereji wa aina gani utafute, kabla hamjatoa shilingi hata moja.