Barbara Jordan na Hesabu ya Kura 11

Mwenyekiti, mawakili wenzangu, na ninyi wanafunzi wa sheria mliojaa mpaka mlangoni, asanteni kwa kuja.

Wengi wanaomjua Barbara Jordan, wakili na mwanasiasa mweusi wa Marekani, wanaijua sauti yake. Tarehe 25 Julai 1974, kamati ya sheria ya Bunge la Marekani ikijadili kumshtaki Rais Nixon, alisema mbele ya kamera kwamba Katiba ilipokamilika mwaka 1787 yeye hakuwemo katika lile tamko la “Sisi, wananchi”, lakini imani yake kwa Katiba hiyo ni kamili. Kufikia tarehe 9 Agosti Nixon alikuwa amejiuzulu. Hotuba ile mtaisikiliza wenyewe mtandaoni, mimi siwezi kuiigiza. Leo nimekuja kuwazungumzia miaka yake 6 katika Seneti ya jimbo la Texas, kule Austin, ambako hakukuwa na kamera nyingi. Mwanamke huyu alishinda mambo yake mengi kwa kuhesabu kabla hajafungua kinywa.

Alizaliwa Houston mwaka 1936, mtaa wa Fifth Ward, baba yake mhubiri wa Kibaptisti aliyefanya pia kazi katika ghala. Akiwa sekondari, wakili mweusi kutoka Chicago, Edith Sampson, alikuja shuleni kwao kuzungumza na wanafunzi, na binti akaamua papo hapo kwamba atakuwa wakili. Chuo Kikuu cha Texas hakikuwa kikiwapokea weusi katika shahada ya kwanza, kwa hiyo akaenda Texas Southern. Chuo hicho nacho kina kisa. Jimbo lilikianzisha mwaka 1947 baada ya mtu mweusi, Heman Sweatt, kuishtaki serikali akitaka nafasi katika shule ya sheria ya chuo kikuu. Badala ya kumfungulia mlango, wakamjengea chuo kingine! Sweatt alishinda kesi Mahakama ya Juu mwaka 1950, lakini chuo kilibaki, na ndicho kilichomfunza Jordan midahalo. Kutoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Boston, akamaliza sheria mwaka 1959.

Aliporudi Houston alianza uwakili kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwa wazazi wake. Wateja wake walikuwa majirani, na kesi zao za kawaida tu. Ofisi ya kweli aliipata baadaye.

Mwaka 1962 akagombea Baraza la Wawakilishi la Texas, akashindwa. Mwaka 1964 akajaribu tena, akashindwa tena. Hapa wanafunzi naomba mtulie kidogo. Je, alikuwa mgombea mbaya? La. Wawakilishi wa Kaunti ya Harris walichaguliwa na kaunti nzima. Hata kura zote za Fifth Ward na mitaa jirani zikimwendea, zilimezwa na kura za vitongoji vya wazungu. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya kura: dola 1.50 hadi 1.75 kwa mwaka, ulipe miezi kabla ya uchaguzi, la sivyo siku ya kura unakaa nyumbani. Kwa mfua nguo au mpishi wa miaka ile, hiyo haikuwa pesa ya mchezo.

Kilichobadilika ni sheria. Mwaka 1962, katika kesi ya Baker na Carr, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mgao wa viti ni jambo ambalo korti inaweza kulisikiliza. Mwaka 1964, katika Reynolds na Sims, ikaamua kwamba viti vya mabunge ya majimbo vigawanywe kwa idadi ya watu. Texas ikalazimika kuchora mipaka upya. Mwaka 1966 kodi ya kura nayo ikaangushwa mahakamani. Mwaka huohuo Jordan akagombea Seneti ya jimbo katika eneo jipya la 11, lenye mitaa ileile iliyokuwa ikimpigia kura tangu mwanzo, akamshinda mwakilishi mzungu aliyekuwa tayari bungeni. Mgombea ni yuleyule, wapiga kura wengi ni walewale. Ramani ndiyo ilikuwa mpya. Sisi Wakenya, tuliotoka maeneo bunge 210 hadi 290 kabla ya uchaguzi wa 2013, kelele za mipaka tunazijua.

Akaingia Austin Januari 1967: maseneta 31, yeye mwanamke peke yake, na mtu mweusi wa kwanza katika Seneti hiyo tangu 1883. Bunge la Texas hukutana kwa kikao cha kawaida mwaka mmoja na kuruka mwingine, siku 140 basi, na mshahara wakati ule ulikuwa dola 4,800 kwa mwaka. Ndiyo maana mabunge ya namna hiyo hujaa mawakili na wenye mali: lazima uwe na kazi nyingine ya kukulisha.

Sasa kanuni iliyompa nafasi ya kuhesabu. Katika Seneti ya Texas siku hizo, mwanzoni mwa kikao huwekwa mswada usio na maana juu kabisa ya orodha, mambo ya kupamba bustani na mfano wake, na hakuna anayekusudia kuupitisha. Unakaa pale kama gari lililokufa barabarani. Ili mswada mwingine wowote uupite, theluthi mbili ya maseneta wakubali. Piga hesabu: katika 31, watu 11 wakikataa, mswada hausogei.

Jordan aliielewa hesabu hiyo mapema. Kikao chake cha kwanza ulikuja mswada wa uandikishaji ambao ungewabana wapiga kura maskini. Hakusimama kuhutubia. Alizunguka dawati kwa dawati mpaka akapata wenzake 10, kisha akamjulisha mwenye mswada kwamba kura za kuuzuia anazo. Mswada ukafa bila mjadala. Kumbukeni kwamba alikuwa mgeni, miongoni mwa watu ambao baadhi yao walikuwa wakitetea ubaguzi hadharani. Alikula nao, akajifunza kanuni kuwashinda. Katika miaka iliyofuata alihusika katika sheria ya kwanza ya mshahara wa chini ya jimbo, iliyowagusa wafanyakazi ambao sheria ya taifa iliwaacha nje.

Wapo waliouona ukaribu ule kama kujiuza, nami sitawaficha. Mwaka 1971 Jordan alikuwa katika kamati ya kuchora mipaka. Ramani zilipotoka, kulikuwa na eneo jipya la Bunge la Washington, la 18, lililomfaa kabisa, huku eneo lake la Seneti likiwa limekatwa vipande ambavyo mgombea mweusi angepata shida kushinda. Curtis Graves, mwakilishi mweusi wa Houston, alimshutumu waziwazi kwamba amebadilishana kiti kwa kiti, akagombea dhidi yake mwaka 1972. Jordan alimshinda vibaya sana. Lakini ushindi haujibu hoja, na kwa maoni yangu Graves alikuwa na hoja. Eneo la 18 lilikuwa faida ya kweli kwa weusi wa Houston. Seneti ya jimbo nayo ilibaki bila mtu mweusi hata mmoja Jordan alipoondoka. Mwenye kushika kalamu ya ramani, hata akiwa mtu wetu, asimamiwe.

Tena naye huenda alilijua hilo. Mwaka 1975, akiwa Washington, alipigania Sheria ya Haki za Kupiga Kura, ile ya taifa ya kuzuia ubaguzi katika uchaguzi, ipanuliwe iifikie Texas na iwalinde wasemaji wa Kihispania, ingawa wakuu wa jimbo lake walipinga. Tangu hapo Texas haikuweza kubadilisha ramani wala kanuni ya uchaguzi bila kibali cha serikali kuu au mahakama ya Washington. Kifungo hicho kilidumu hadi Mahakama ya Juu ilipokilegeza mwaka 2013, miaka 17 baada ya kifo chake. Aliyetaka kuuliza juu ya uamuzi huo wa 2013 aanze yeye, maana najua mikono iko tayari.