Inyanyue kwa Mkia

Asalaam aleikum. Nimeambiwa nizungumze sasipensheni ya gari za rimoti, yaani springi, shokapu na mikono inayobeba tairi, mbele na nyuma. Ya mbele sizungumzi. Mbele kila mtu hapa ni fundi.

Wanaonijua washaanza kucheka, wanajua nakwenda kwenye kisa cha kijana wa Maisara, hapa hapa Unguja. Kisikilizeni tena. Alikuja na bagi yake, gari ya rimoti ya kukimbilia vumbini, saizi ya moja kwa kumi ya gari ya kweli, mota mpya, betri mpya, na kila kona gari inazunguka ikatazama ilikotoka. Wenzake walimwambia anunue tairi, akanunua. Wakamwambia atie springi ngumu nyuma, akatia, ndiyo kwanza ikazidi! Lazima izidi: ukikaza nyuma peke yake, nyuma ndiyo itakayoachia mwanzo.

Nikamwambia, "Mwanangu, inyanyue kwa mkia." Kuinyanyua tu, tairi zikaacha ardhi hapo hapo, hazikushuka hata milimita mbili. Kumbe katia washa, vile vipete bapa, ndani ya shokapu, chini ya pistoni, gari ikae chini kama zile za kwenye video. Jamani, zile zinakimbia juu ya zulia! Maisara kuna zulia? Kuna mashimo na vijiwe. Tairi ikifika kwenye shimo, mkono unaoibeba ushuke uifuate ardhi. Usiposhuka tairi inaning'inia, na tairi inayoning'inia haishiki hata uiagizie Ulaya. Tukatoa washa, tukarejesha springi za zamani. Jioni ile alizunguka mara moja tu, na hiyo alikuwa akimkwepa paka.

Najua yupo atakayesema: mzee, mkono ukishuka sana gari inalala konani. Kweli, kwenye lami yenye mshiko punguza. Tena nyuma ikiwa huru kunyanyuka, ukiachia triga ya mwendo kwenye rimoti uzito unakimbilia mbele, pua inaingia kona kwa pupa. Ndiyo maana huko kushuka tunakupima kwa rula, milimita kwa milimita, kulia na kushoto sawasawa. Si kwa jicho. Jicho lako ndilo lililotia washa!

Kabla ya hayo yote, vua shokapu mbili za nyuma, nyanyua mkono wa tairi, uachie. Usipoanguka wenyewe, pini unayochezea mkono imeshika kutu au imekula mchanga. Bahari imetuzunguka, mlitarajia nini? Safisha, lakini usipake oili, mchanga utagandia.

Alaimenti, yaani tairi zinavyoelekea na kuinama: bagi nyingi hutoka kiwandani tairi za nyuma zimeelekeana kwa mbele kama nyuzi 3 kila upande. Msizichokoe, ndizo zinazoituliza gari ukikanyaga. Juu ziinamie ndani nyuzi 1 hadi 2. Oili ya shokapu inakuwa nyepesi kwa jua, basi iliyokufaa asubuhi huenda saa saba ikakuangusha. Na ile fimbo ya kuzuia gari isilale... hiyo adhana ya Alasiri, tuiache.

Wewe kijana wa nyuma, uliyekunja uso. Lete gari yako hapa. Inyanyue kwa mkia.