Roland Hayes na Nguvu ya Sauti Ndogo

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanakwaya, Dar es Salaam

Walimu wa kwaya, waimbaji wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeimba sauti ya tatu, yaani tenori, katika kwaya za jiji hili kwa zaidi ya miaka 30, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini, kama nilivyofundishwa, kwamba mwimbaji wa tenori hupimwa kwa nota ya juu anayoifikia na kwa nguvu anayoifikia nayo. Aliyenibadilisha mawazo ni mtu niliyemfahamu kwa rekodi tu, Mmarekani mweusi aitwaye Roland Hayes. Jioni hii nitayaeleza maisha yake, kwa sababu naona yanatuhusu sisi kuliko ya watenori wa Italia ambao majina yao tunayajua zaidi.

Hayes alizaliwa mwaka 1887 huko Curryville, katika jimbo la Georgia, na wazazi wake walikuwa wamepitia utumwa. Baba alifariki Roland akiwa bado mtoto, na mama yake, Fannie, akahamia Chattanooga pamoja na wanawe. Huko kijana alifanya kazi katika kiwanda cha kusubu chuma, na huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza santuri za Enrico Caruso, mtenori maarufu wa Italia. Alikuwa amekulia katika nyimbo za kanisani, na santuri hizo zikamwonyesha kwamba kipaji alichonacho kinaweza kuwa kazi ya maisha. Mwaka 1905, mwaka uleule ambao Vita vya Maji Maji vilianza huku kwetu, alikwenda kusoma katika Chuo cha Fisk, Nashville. Baadaye alihamia Boston, akajifunza uimbaji kwa Arthur Hubbard huku akijipatia riziki kwa kazi ya utarishi katika kampuni ya bima.

Mawakala wa matamasha hawakuwa tayari kumchukua mwimbaji mweusi wa muziki wa kiklasiki wa Ulaya. Basi mwezi Novemba 1917 Hayes alikodi mwenyewe ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, wenye viti zaidi ya 2,000, akawaandikia watu barua kuwauzia tiketi, na ukumbi ukajaa. Hata rekodi zake za mwanzo alizigharamia kutoka mfukoni mwake. Kila ninapowasikia vijana wetu wakisema kwamba wanasubiri mfadhili, namkumbuka tarishi huyu.

Jukwaa la opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, lilikuwa limefungwa kwa watu wa rangi yake. Katika jumba la opera la Metropolitan la New York, Marian Anderson ndiye mwimbaji wa kwanza mweusi aliyepewa nafasi ya mwigizaji, na hiyo ilikuwa mwaka 1955. Mtenori wa kwanza mweusi kuimba nafasi kuu pale, George Shirley, alifika mwaka 1961. Kwa hiyo Hayes alijenga maisha yake yote ya kazi kwenye tamasha la mtu mmoja na piano, bila mavazi ya kuigiza na bila okestra ya kumficha, ambapo msikilizaji hupata neno na sauti tu. Naamini ufundi wake ulitoka hapo. Alijifunza Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano hata maneno yakawa yake, kisha akaziweka nyimbo za kiroho za watumwa katika programu moja na nyimbo za Kijerumani za watunzi Schubert na Brahms, akiziimba kwa uangalifu uleule. Mwaka 1920 alikwenda London, na mwaka uliofuata akaimba mbele ya Mfalme George V.

Lakini siku ninayotaka tuikalie ni ile ya Berlin, mwaka 1924. Ufaransa ilikuwa imepeleka askari wa Kiafrika katika eneo la Rhine, magharibi mwa Ujerumani, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jambo lililochochea chuki kubwa Ujerumani, na hata kabla ya tamasha watu walilalamika kwamba mtu mweusi hastahili kugusa nyimbo za watunzi wao. Hayes alipotoka jukwaani alipokelewa kwa kuzomewa. Alisimama kimya, macho ameyafumba, dakika zikapita, mpaka zomeazomea ikapungua yenyewe. Ndipo akaanza, kwa sauti ndogo sana, wimbo wa Schubert uitwao “Du bist die Ruh”, maana yake “Wewe ndiwe utulivu”. Ukumbi ulinyamaza, na alipomaliza walewale waliozomea wakamshangilia.

Waimbaji wenzangu wanajua ugumu wa jambo hilo. Wimbo ule huenda polepole mno, na karibu na mwisho sauti hupanda hatua kwa hatua hadi juu, kisha unatakiwa kuanza tena kwa upole. Kwa mwanamume mwenye tenori, kupita pale juu ambapo sauti hutaka kuvunjika ni rahisi zaidi akipaza. Kupita pale kwa sauti ndogo kunadai pumzi iliyoshikwa na koo lililolegea. Sisi hapa mara nyingi hupaza, halafu Jumatatu hatuna sauti.

Umaarufu haukumkinga. Mwaka 1942, katika mji wa Rome, Georgia, mkewe Helen na binti yao walikaa kwenye viti vya wazungu katika duka la viatu, na mzozo uliofuata uliishia kwa Hayes kupigwa na polisi na kuwekwa mahabusu. Binti huyo walikuwa wamempa jina la Afrika. Nimelifikiria sana jina hilo, walilolichagua mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati bara hili lilikuwa karibu lote mikononi mwa wakoloni.

Aliimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwaka 1962 akiwa na miaka 75, akafariki Boston mwaka 1977. Nimekuja na rekodi ya nyimbo za kiroho aliyoifanya akiwa amepita miaka 60. Naomba aliye karibu na mlango aufunge, maana bajaji za hapo nje zitamfunika, na feni nazo tuzizime kwa dakika tatu.