Nani Analishika Gari Ukishashuka?

Asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, na wote kwa jumla habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya magari ya kisasa: yanatengenezwa wapi, na hendibreki zake zinafanyaje kazi. Mwenyekiti aliponipa kazi hii aliniambia ni mada mbili, nigawe muda wangu. Nimekaa nazo wiki nzima na nimeona ni mada moja. Nitawaeleza kwa nini, lakini niruhusuni nianze Lushoto, kule milimani.

Nilikuwa fundi mwanafunzi pale, miaka mingi iliyopita. Mzee mmoja, mtu mwenye heshima zake, alikuwa ameendesha pikapu maisha yake yote. Watoto wake wakamnunulia gari la familia kutoka Japani, lenye viti safu tatu, otomatiki. Wanaoijua Lushoto wanajua kwamba kupata pa kuegesha pasipo mteremko ni bahati. Mzee akafika, akatafuta hendibreki katikati ya viti, hakuna. Akatazama chini ya dashibodi, upande aliozoea kuvuta kwenye pikapu yake, hakuna. Akasema basi, magari ya siku hizi hayana. Akaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, akashuka. Alifanya hivyo miezi kadhaa. Siku moja P ikaachia, gari likashuka peke yake hadi kwenye banda la mapeasi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini dakika tano kabla watoto wa shule walikuwa wamesimama palepale.

Hendibreki ilikuwepo. Ilikuwa pedeli ndogo upande wa kushoto kabisa, chini ya mguu wake. Hakuna aliyemwonyesha.

Sasa jiulizeni: kwa nini mhandisi aliificha kule? Hakuificha. Alikuwa anamtengenezea Mjapani. Gari kama Toyota Alphard limekusudiwa kwa familia ya mjini, sakafu yake bapa, mama aweze kutoka kiti cha mbele na kupita katikati kumfuata mtoto nyuma bila kufungua mlango barabarani. Ukiweka mkono wa hendibreki katikati umeziba njia. Kwa hiyo wakaipeleka mguuni: unakanyaga, inashika, unakanyaga tena, inaachia. Mmarekani naye alifika mguuni kwa njia yake: pikapu zake zilikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu, na pale katikati palikuwa na mtu. Mzungu wa Ulaya alibaki na mkono kwa muda mrefu, kwa sababu alibaki na gia za klachi. Ukiondoka mlimani, mguu mmoja uko kwenye klachi, mwingine kwenye mafuta, breki unaishika na nini? Na mkono. Zile Hilux za miaka ya 1980, ambazo baadhi yenu mmejifunzia udereva, zilikuwa na mpini chini ya dashibodi: unauvuta, na kuuachia unauzungusha. Kila mpangilio una kwao.

Ndiyo maana nasema ni mada moja. Kabla hujauliza hendibreki iko wapi, uliza gari lenyewe lilikusudiwa kwa nani.

Na jina lililobandikwa nyuma halitakujibu. Chukua Hilux. Kila mtu atakwambia ni Mjapani. Lakini Hilux nyingi tunazoziona Afrika zimetoka Prospecton, Durban, nyingine Thailand. Hata Wajapani wenyewe, walipoanza kuuziwa Hilux tena mwaka 2017, waliletewa kutoka Thailand. Volkswagen Polo inatengenezwa Kariega, Afrika Kusini, na tangu 2018 Volkswagen wanaunganisha magari Kigali. Kenya wanaunganisha Thika, Mombasa na Nairobi. Kuunganisha ni tofauti na kutengeneza, tusichanganye: vipande vinakuja kwenye makasha, vinafungwa hapa. Lakini ni kazi, na inawafundisha vijana wetu, nami naiheshimu. Kwa wingi, leo dunia iko China: mwaka 2023 walitoa magari zaidi ya milioni 30, karibu theluthi moja ya magari yote yaliyotengenezwa duniani mwaka ule.

Ukitaka ukweli soma namba ya chesisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la kimataifa lina tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazimo, kwa sababu zingechanganywa na 1 na 0. Ya kwanza inakupa eneo: J ni Japani, W Ujerumani, K Korea, L China; 1, 4 na 5 ni Marekani. Hilux ya Durban inaanza na AHT. Ile ya Thailand mara nyingi MR0. Lakini IST yako, Noah yako, Probox yako iliyoshushwa bandarini Dar ikiwa mtumba wa Japani, haina hizo 17. Ina namba fupi, msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Hiyo maana yake gari lilitengenezwa kwa ajili ya Mjapani, likauzwa kwa Mjapani, kitabu chake ni cha Kijapani na maandishi ya tahadhari ni ya Kijapani. Wewe ni mmiliki wa pili ambaye hakuwahi kufikiriwa. Sisemi hivyo kulaumu. Magari hayo yametubeba. Nasema ili ujue kwamba kazi ya kulielewa imebaki kwako na kwa fundi wako.

Na breki zenyewe mara nyingi hazitengenezwi na mwenye jina. Za Toyota nyingi zinatoka kampuni ya Advics, mji wa Kariya, mkoa wa Aichi. Huko Kariya ndiko ukoo wa Toyoda walikokuwa na kiwanda cha mashine za kufuma nguo kabla ya kuingia kwenye magari miaka ya 1930. Ulaya utakutana na ZF na Bosch wa Ujerumani, Brembo wa Italia.

Tuingie kwenye chuma.

Hendibreki ya kawaida ni kitu cha uaminifu sana, kwa sababu haitumii mafuta ya breki. Hii ni muhimu. Breki ya mguu inasukuma mafuta, na mafuta yakivuja, breki imekwenda. Hendibreki ina njia yake: waya wa chuma. Unavuta mkono, unasikia kr-kr-kr, hilo ni jino linaruka juu ya meno mengine na kukaa, ili mkono usirudi. Waya unakwenda chini ya gari, unafika kwenye kipande kinachogawa nguvu sawa kwa tairi mbili za nyuma. Kwenye gari lenye dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na tairi, waya unavuta mkono mdogo ndani, mkono unapanua shuu mbili, vile vipande vilivyopinda vya kusugua, shuu zinabana dramu. Basi. Ikiwa unavuta na mkono unapanda mpaka karibu kusimama wima, usikimbilie kukaza waya. Fungua dramu kwanza. Mara nyingi shuu zimeisha au kirekebishaji kimeganda, na ukikaza waya umeficha ugonjwa.

Kwenye diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, kuna njia mbili, na hapa mafundi wengi wanakosea. Ya kwanza, pistoni ya kalipa, yaani ya kile kibano kinachoikumbatia diski, ina skrubu ndani. Waya ukivuta, skrubu inasukuma pistoni, pedi zinabana diski. Pistoni hiyo hairudishwi kwa kuibana na kilempu, inarudishwa kwa kuizungusha na kifaa chake. Ya pili, ndani ya diski, pale katikati palipovimba kama kofia, kuna dramu ndogo yenye shuu zake. Mteja anakuja, hendibreki haishiki, unambadilishia pedi mpya za nyuma, analipa, anaondoka, na hendibreki bado haishiki. Bila shaka haitashika! Pedi hazihusiki nayo kabisa. Zile shuu ndogo hukaa miaka bila mtu kuzitazama.

Kiasi gani kinatosha? Kanuni za Umoja wa Mataifa za breki za magari madogo zinataka hendibreki ilishike gari lililojaa mzigo kwenye mteremko wa asilimia 20, yaani kila mita 100 za mbele unapanda mita 20, kwa kupanda na kwa kushuka. Na nguvu isizidi nyutoni 400 kwa mkono au 500 kwa mguu, ambayo ni kama kunyanyua kilo 40 au 50. Kwa hiyo mama mwenye mwili mdogo anapaswa aweze. Ikibidi umwite mwanamume akuvutie hendibreki, hiyo ni mbovu.

Sasa P. Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna gurudumu lenye mapengo, na kidole cha chuma kinachoangukia kwenye pengo. Kidole hicho, urefu wake si zaidi ya kidole chako, ndicho kilichokuwa kinabeba gari zima la yule mzee, siku baada ya siku. Fanyeni hivi: mguu kwenye breki, gia N, yaani huru, hendibreki, achia mguu taratibu gari likae kwenye hendibreki, ndipo P. Mzigo uwe kwenye breki, kidole kiwe akiba. Mkisikia kishindo mnapotoa P asubuhi mlimani, mjue mlikibebesha usiku kucha.

Magari mapya yanakuja na kitufe badala ya mkono wa hendibreki. BMW 7 Series ya mwaka 2001 ilikuwa miongoni mwa za kwanza, na leo hata mtumba wa Mazda CX-5 ya 2017, iliyotoka Hiroshima, unao. Nyuma ya kitufe mara nyingi kuna mota ndogo juu ya kila kalipa ya nyuma, gia za kupunguza mwendo, na skrubu inayosukuma pistoni. Nilikuwa na wasiwasi nayo mwanzoni. Nimebadilika, na sababu ni moja: joto. Ukishuka kutoka Lushoto hadi Mombo kule bondeni, diski zinachemka. Ukiegesha papo hapo na kuvuta mkono, diski ikipoa inasinyaa, na ule ubano unalegea wakati wewe uko hotelini unakula. Breki nyingi za umeme zinajua hilo na hujikaza tena zenyewe baada ya muda. Mkono haukazi tena. Wewe mwenye hendibreki ya mkono, vuta zaidi ukiwa umetoka kwenye mteremko mrefu, na uweke gia.

Lakini kitufe kina masharti. Betri ikifa, haiachii, kwa hiyo msilaani gari, leteni betri. Ile inayoitwa auto hold, inayolishika gari kwenye foleni, ni kitu kingine: kwa kawaida ni mafuta ya breki yamefungiwa. Ni ya foleni, si ya kushuka ukaenda dukani. Na wanangu mafundi, nawaomba kwa dhati: msiguse pedi za nyuma za gari hilo kabla ya kuliweka kwenye hali ya matengenezo, kwa kompyuta au kwa utaratibu wa kitabu chake. Ukibana pistoni kwa nguvu unavunja gia za ndani, na mtu akikanyaga au kubonyeza wakati kidole chako kiko kwenye kalipa, mota haina huruma.

Malori nitayasema kwa ufupi ingawa yanastahili siku nzima. Kwenye lori lenye breki za upepo mambo yamegeuzwa: springi kubwa ndiyo inayobana breki muda wote, na upepo ndio unaoizuia. Ndiyo maana asubuhi dereva anawasha na kusubiri mitungi ijae kabla lori halijaondoka. Upepo ukiisha, lori linajifunga lenyewe. Ni fikra nzuri mno: kuharibika kwake ni kusimama. Ila springi ile ndani ya chemba, mkebe wake wa chuma, imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo. Fundi anayefungua chemba bila kuifungia springi kwa bolti yake maalumu anaweza kufa palepale. Hakuna mteja mwenye haraka kiasi hicho.

Tutoke nje sasa, jua halijazama. Mnaona ile Land Rover Defender kwenye mteremko wa nyuma ya karakana? Hendibreki yake haiko kwenye tairi. Iko nyuma ya boksi la gia, inashika propela, ule mhimili unaopeleka mzunguko kwenye tairi za nyuma. Tairi moja ya nyuma ikinyanyuliwa na jeki, difu, zile gia za katikati zinazogawa mzunguko kwa tairi mbili, inairuhusu izunguke upande wake, na ile nyingine inatembea, hendibreki ikiwa imevutwa mpaka juu. Nitawaonyesha kwa macho. Lakini hakuna anayegusa jeki kabla vigingi havijakaa chini ya tairi za mbele. Viko viwili pale mlangoni, vya mti mgumu. Kaka uliye karibu, tafadhali vibebe.