Kuichoma Dunia kwa Pauni 200,000

Mabibi na mabwana, filamu tunayoichambua jioni hii ni The Day the Earth Caught Fire, ya Uingereza, 1961. Wamarekani na Wasovieti wanalipua mabomu ya nyuklia kwa wakati mmoja. Mhimili wa Dunia unainama nyuzi 11, kisha Dunia yenyewe inaanza kulisogelea jua. Mwongozaji Val Guest alikuwa na takribani pauni 200,000 tu. Kwa fedha hizo huichomi Dunia. Yeye akachoma chumba kimoja, chumba cha habari cha gazeti la Daily Express.

Janga linaingia humo kwa simu, kwa taarifa za mashirika ya habari, kwa kola zilizolowa jasho. Mafuriko na dhoruba ni vipande vya filamu vilivyokuwapo tayari. Mhariri anaigizwa na Arthur Christiansen, aliyelihariri gazeti hilo kweli hadi 1957. Kwa uigizaji ni mkavu, tusifichane, ila kiti kile anakikalia kama mwenyewe.

Sasa Mto Thames uliokauka, kazi ya Les Bowie, fundi wa picha za hila. Mbinu ya aina hii ni hivi: kamera inakazwa isitikisike, sehemu ya picha inazibwa, mwigizaji anapita palipo wazi, halafu palipozibwa panajazwa mchoro. Kamera ikicheza kidogo tu, mchoro unaogelea. Mwigizaji akivuka mpaka, kichwa kinapotea. Ndiyo maana picha hizi hukatwa fupi. Joto lenyewe lilipatikana kwa njia rahisi zaidi: mwanzo na mwisho vimetiwa rangi ya machungwa, katikati yote ni nyeusi na nyeupe.

Fizikia yake haisimami. Mwendo wa Dunia kuzunguka jua una nishati inayozidi ya bomu la megatani 50 zaidi ya mara milioni milioni elfu kumi.

Lakini nani angepiga hesabu mwaka ule? Tarehe 30 Oktoba 1961 Wasovieti walilipua Tsar Bomba, bomu la nyuklia la hizo megatani 50, na mwezi uliofuata filamu ikaonyeshwa London, kwa daraja la X, marufuku kwa walio chini ya miaka 16. Mswada wa Guest na Wolf Mankowitz ulipata tuzo ya filamu ya Uingereza, BAFTA.

Mwishoni mabomu mengine yamelipuliwa kuirudisha Dunia njiani, na kurasa mbili za mbele ziko tayari: moja inasema dunia imeokoka, nyingine imeangamia. Guest hakuchagua. Kwenye nakala za Marekani ziliongezwa kengele za kanisa, kana kwamba dunia imeokoka.