Godoro la Bibi na Sanduku la Taa ya Buluu

REHEMA: Kabla hujanisalimia, Saidi, jino bado ninalo.

SAIDI: Bado? Si ulisema Alhamisi unakwenda kuling'oa?

REHEMA: Nilikwenda. Nikakaa kitini, kitambaa kifuani, mdomo wazi. Msaidizi akafungua kisanduku cha kioo, ndani taa ya buluu inawaka, akatoa koleo akaliweka kwenye sinia. Halina kifuko, limekaa tupu. Nikamuuliza, "Hili limechemshwa?" Akasema, "Usiwe na wasiwasi dada, hiyo taa inaua kila kitu." Nikashuka. Nimeshika shavu mpaka kituo cha daladala.

SAIDI: Pole sana. Lakini huenda lilishapita kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, lile sanduku likawa la kulitunzia tu. Kwa kutunzia halina ubaya.

REHEMA: Aliniambia taa inaua kila kitu. Otoklevu hakuitaja.

SAIDI: Basi hapo alikosea, na mimi ninayetengeneza hizo mashine kila siku linaniuma. Koleo linaingia kwenye damu. Lisafishwe kwa brashi, lifungwe kwenye kifuko, liingie kwenye mvuke: nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika 3. Ukilifunua koleo, pale kwenye bawaba, vile vyuma viwili vinapopandana, mvuke unapenya. Mwanga haupenyi, haukati kona. Na tone la damu lililokaukia pale ni mwavuli tosha kwa kijidudu.

REHEMA: Sasa mbona bibi yangu Tanga alikuwa akianika godoro juani? Kila Jumamosi, godoro la sufi, saa nne linatoka, saa saba linageuzwa.

SAIDI: Aligeuza?

REHEMA: Aligeuza, tena kwa kutusimamia. Sisi wajukuu ndio tunabeba.

SAIDI: Basi bibi aliwazidi wenye sanduku! Alijua upande wa chini jua halijaufikia.

REHEMA: Mwenyewe alikuwa anawinda kunguni.

SAIDI: Kunguni anakufa kwa joto, hiyo ni kesi nyingine. Ila jua kweli linaua vijidudu. Mwaka 1877 kule Uingereza, watafiti Downes na Blunt walitia maji yenye chakula cha vijidudu kwenye vineli vya kioo, vingine wakavifunika kwa karatasi ya risasi, wakaviweka juani. Vilivyofunikwa vikachafuka, vya wazi vikabaki safi.

REHEMA: Na zile chupa za Wamasai, Kenya? Maji kwenye chupa ya plastiki, unailaza juani kwa muda wa saa sita, kuhara kwa watoto kukapungua.

SAIDI: Hiyo hiyo. Lakini mionzi ya jua inayoua vijidudu, inayotufikia huku chini zaidi ni ile ya mawimbi marefu, ndiyo maana inahitaji muda wote huo. Ile mifupi, mikali zaidi, inazuiwa huko juu na tabaka la ozoni. Taa ndiyo inayoitoa, mawimbi ya nanomita 254, na jicho haliioni. Ile buluu uliyoiona siyo inayoua. Taa inaweza kuwaka buluu vizuri kabisa na nguvu yake imeshaisha zamani.

REHEMA: Kwa hiyo msaidizi ananionyesha rangi.

SAIDI: Rangi. Afadhali angekuonyesha bibi.

REHEMA: Bibi angemwambia ageuze koleo! Haya, tumezama kwenye godoro, turudi. Nataka kusema hivi: hizo taa zitoke kwenye kliniki za meno.

SAIDI: Hapana, hapo nakukatalia. Zitoke kwenye koleo, ziende kwenye hewa. Mashine ya kuchimbia jino inarusha ukungu wa maji na mate, chumba hakina dirisha, na hapa kwetu kifua kikuu kipo. Taa inafungwa juu ya vichwa, zaidi ya mita mbili, isichome macho, feni inazungusha hewa. Lima, Peru, walipitisha hewa ya wodi ya kifua kikuu kwa simbilisi. Bila taa, asilimia 35 waliambukizwa. Taa zikiwashwa, 9.5.

REHEMA: Na Lima hiyo hiyo, watafiti hao hao, walipima madirisha. Wodi ikifunguliwa milango na madirisha, hewa inabadilika mara 28 kwa saa, na majengo ya kabla ya 1950, yale ya dari refu, yalishinda mapya. Dirisha halina balbu ya kuchoka.

SAIDI: Jengo la ghorofa, vioo vimefungwa, kiyoyozi. Dirisha utalifungua wapi?

REHEMA: Wasipangishe kliniki humo.

SAIDI: Wameshapangisha, Rehema! Wagonjwa wako kitini sasa hivi.

REHEMA: Na nani atapanda ngazi kufuta vumbi kwenye hiyo taa? Nani ana kipimo cha kujua imechoka? Mwaka mmoja tu itakuwa kama lile sanduku, buluu inawaka, watu wanavuta hewa ile ile na mioyo imetulia.

SAIDI: Ndiyo kazi yetu mafundi, ipangiwe ratiba.

REHEMA: Ratiba nimeziona ukutani, hazina saini.

SAIDI: Sasa kwa sababu ya ratiba mtu akae hewa chafu?

REHEMA: Avunje ukuta atie dirisha.

SAIDI: Hatutaelewana leo.

REHEMA: Hatutaelewana. Na yale maswali manne ya kumuuliza daktari wa meno tuliyowaahidi wasikilizaji?

SAIDI: Zimebaki dakika mbili. Moja tu: kifuko kifunguliwe mbele yako, na alama yake iwe imebadilika rangi. Hiyo alama inasema kimepita kwenye joto, haisemi kila kijidudu kimekufa. Mengine wiki ijayo.

REHEMA: Mimi Jumatatu nakwenda kwingine. Nilipita jana, otoklevu nimeiona kwa macho yangu, inapumua.

SAIDI: Na dirisha?

REHEMA: Lipo. Limefungwa, kiyoyozi.

SAIDI: Waambie wafunge taa juu.

REHEMA: Nitawaambia wafungue dirisha.

SAIDI: Rehema...

REHEMA: Kwaherini wasikilizaji.